Umeme Ni Biashara, Hasara Ni ya Nani?

Ndugu wasikilizaji, wiki mbili zilizopita nilipata barua kutoka kwa msikilizaji mmoja wa Temeke, fundi wa kuchomelea vyuma. Barua ilikuwa fupi na swali lake lilikuwa moja tu. Aliuliza hivi: "Mimi nikifungua genge mtaani, nikawa peke yangu, na kila nyumba ikalazimika kununua kwangu, baada ya mwaka mmoja nitajenga ghorofa. Shirika letu la umeme halina mshindani mitaani. Mbona miaka nenda miaka rudi tunaambiwa lina madeni?"

Nakiri kwamba nilicheka nilipoisoma. Halafu nikaisoma tena, na safari hii sikucheka, maana niliona kuwa sina jibu la mkato. Mazungumzo ya leo ni jibu langu kwa fundi huyo, na kwa wote ambao kila wakinunua Luku hujiuliza swali hilo hilo kimoyomoyo. Itabidi tuanze mbali kidogo.

Umeme wa kwanza wa kuhudumia umma katika nchi hii uliwashwa na Wajerumani hapa Dar es Salaam mwaka 1908. Uliendesha karakana za reli na kuwasha taa katika sehemu ya mji waliyokaa wakoloni wenyewe. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika, mwaka 1920 waliunda idara ya Serikali ya kusimamia umeme huo. Mwaka 1931, wakati dunia nzima imo katika mdororo wa uchumi, Serikali ya kikoloni iliamua kuondoa mkono wake na kuikabidhi kazi hiyo kwa makampuni mawili ya watu binafsi. La kwanza liliitwa kwa kifupi DARESCO, nalo likapewa Dar es Salaam, miji ya reli ya kati hadi Kigoma, na Mwanza. La pili ndilo TANESCO, lililoandikishwa Novemba 1931, likapewa Tanga, na nguvu yake ikawa ni maporomoko ya mto Pangani karibu na Hale.

Itazame vizuri ramani hiyo. Mwenye mtaji alifuata reli, na alifuata mashamba ya mkonge. Alikwenda palipokuwa na mtu wa kulipa, na akasimama pale malipo yalipoishia. Hakuna aliyemlaumu kwa kutopeleka nguzo Rungwe au Kasulu, kwa sababu hakuna aliyemtazamia apeleke. Biashara ya namna hiyo ina hatari ndogo. Mteja ni mmoja na mkubwa, waya ni mfupi, bili inalipwa.

Lakini hata wakati huo kulikuwa na jambo moja ambalo Serikali haikuweza kumwachia mfanyabiashara afanye atakavyo. Umeme hauuzwi kama nyanya. Hauwezi kuwa na wauzaji kumi katika mtaa mmoja, kila mmoja na nguzo zake na nyaya zake zikipishana juu ya paa za watu. Ungekuwa upotevu wa fedha, na mwishowe wote kumi wangefilisika. Kwa hiyo nchi karibu zote duniani zilifikia mapatano ya aina moja. Kampuni hupewa leseni ya kuuza peke yake katika eneo fulani. Kwa upande wake, kampuni hukubali kwamba bei haitapangwa na yenyewe peke yake, bali itapitiwa na mamlaka iliyo juu yake. Hapa kwetu Sheria ya Umeme ilitungwa mwaka huo huo wa 1931, na iliishi muda mrefu kuliko wakoloni walioitunga. Ilifutwa rasmi kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008.

Basi fundi wangu, hapo pana tofauti ya kwanza kati ya shirika la umeme na genge lako. Wewe ukiona mchele umepanda Kariakoo, kesho asubuhi unapandisha bei. Shirika la umeme gharama zake zikipanda, huandika maombi na kusubiri. Na likishasubiri huweza kuambiwa hapana.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1964 Serikali ilinunua hisa katika makampuni yale mawili, yakaunganishwa, na kufikia mwaka 1975 TANESCO ilikuwa mali ya umma kwa asilimia mia. Wengi wetu tunakumbuka fahari ya miaka hiyo. Hale ilikuwa imezinduliwa mwaka 1964, ikafuata Nyumba ya Mungu mwaka 1968, kisha Kidatu mwaka 1975, bwawa kubwa la Mtera mwaka 1980, na mitambo ya Mtera mwaka 1988. Umeme haukuwa tena wa karakana na mkonge. Ukawa wa viwanda vya nguo, wa hospitali za mikoa, wa shule, wa nyumba ya mwananchi wa kawaida.

Katika fahari hiyo kuna jambo hatukuliangalia kwa makini. Shirika lilipokuwa la wenye hisa, hasara ikitokea ilikuwa ni yao. Lilipokuwa letu, hasara nayo ikawa yetu. Tulifurahia kumiliki mitambo, tukasahau kwamba tumemiliki pia hatari zake.

Hatari ya kwanza ilitoka mbinguni. Sehemu kubwa kabisa ya umeme wa nchi ilitegemea maji, na sehemu kubwa ya maji hayo ilitegemea mto mmoja. Maji ya Ruaha Mkuu huingia Mtera, huzungusha mitambo yenye megawati 80, kisha huteremka Kidatu na kuzungusha mingine yenye megawati 204. Ni hesabu nzuri mvua zikinyesha. Mvua zikikosekana, mto ule ule mmoja unakunyima mara mbili.

Mwaka 1992, na tena mwaka 1994, ndivyo ilivyokuwa. Nadhani hakuna mtu mzima wa mjini aliyesahau. Katika taarifa ya habari, baada ya mambo ya Bunge na kabla ya michezo, tulisomewa kina cha maji cha Mtera kama wenzetu wa mataifa mengine wanavyosomewa bei ya dhahabu. Watoto wa shule ya msingi walijua kwamba bwawa likijaa hufika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kwamba likishuka chini ya mita 690 mitambo haipaswi kuendeshwa. Akina mama waliouza barafu walirudi kwenye maandazi. Vinyozi wakatoa mikasi yao kabatini. Kila duka la Uhindini likawa na jenereta mlangoni, na moshi wake ukawa harufu ya mji.

Ilisemwa kuwa ni ukame. Ni kweli kulikuwa na ukame, lakini si ukame peke yake. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, jambo ambalo wazee wa huko hawakulizoea. Wako wataalamu walioelekeza kidole kwa mashamba ya mpunga na mifugo ya Usangu. Wako waliosema kuwa uendeshaji wa mabwawa yenyewe haukuwa na hadhari ya kutosha, maji yakafunguliwa mapema mno. Mimi si mtaalamu wa maji, lakini nimejifunza kitu kimoja katika ubishi huo. Shirika la umeme linaweza kupata hasara kwa uamuzi wa mkulima aliye mamia ya kilomita kutoka ofisi zake, ambaye hana hata balbu moja nyumbani kwake.

Hatari ya pili ilitoka mezani, kwenye karatasi. Mwaka 1992 Serikali ilitoa sera mpya ya nishati iliyoruhusu watu binafsi kuzalisha umeme na kuliuzia shirika. Katika hofu ya giza la 1994 ulizaliwa mkataba wa IPTL, uliotiwa saini Mei 1995. Kampuni hiyo, yenye wabia kutoka Malaysia na hapa nyumbani, ilikubali kujenga pale Tegeta mtambo wa megawati 100 wa kutumia mafuta mazito, na TANESCO ikakubali kununua umeme wake kwa miaka 20.

Naomba niueleze mkataba wa namna hiyo kwa mfano, maana maneno ya wanasheria huficha mambo. Tuseme unakodi lori. Mwenye lori anakwambia: kila mwezi utanilipa fedha hii kwa sababu lori langu limesimama mlangoni kwako, liko tayari. Ukilipakia mzigo, usilipakie, hiyo utanilipa. Mafuta nayo utanunua wewe. Na fedha yangu naitaka kwa dola. Wewe, wateja wako wanakulipa kwa shilingi.

Mwaka ambao huna usafiri mwingine, lori hilo ni mkombozi. Mwaka ambao mvua zimenyesha na Mtera imejaa, lori limesimama tu na wewe unalipa. Shilingi ikiporomoka, unalipa zaidi kwa lori lile lile. Mafuta yakipanda huko duniani, unalipa zaidi tena. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo matatu, mvua, shilingi na mafuta, ambalo meneja wa TANESCO anaweza kuliamuru. Mwenye lori hakubeba hata moja. Yote yalibebwa na mnunuzi.

TANESCO yenyewe iliona. Mwaka 1998 ililalamika kuwa mitambo iliyofungwa si ya aina iliyoandikwa katika mkataba, na gharama iliyodaiwa ni kubwa mno. Shauri likaenda kwenye kituo cha Benki ya Dunia cha kuamua migogoro ya uwekezaji. Mwaka 2001 wasuluhishi wakaipunguza gharama, na mwaka 2002 mtambo ukaanza kazi. Kuanzia hapo shirika lilitakiwa kulipa zaidi ya dola milioni 2 kila mwezi kwa lori kuwa mlangoni tu, kabla ya tone la mafuta.

Ugomvi haukwisha. Fedha zilizobishaniwa zikawekwa katika akaunti maalumu Benki Kuu, ile ambayo nchi nzima ilikuja kuijua kwa jina la Escrow. Mwaka 2013 zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitolewa humo na kulipwa kampuni iliyosema imeinunua IPTL. Mwaka 2014 Bunge likawaka moto. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu, waziri mmoja akaondolewa, na mwingine akaondoka Januari 2015. Mtu angedhani basi, deni limekwisha, walau tumelipa. La hasha. Septemba 2016 wasuluhishi wa kituo kile kile cha kimataifa waliamua kwamba TANESCO iilipe benki iliyokuwa imenunua deni la mtambo huo dola milioni 148.4. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakutuambia la kufanya kama umelipa, na umemlipa asiyekuwa mdai.

Katikati ya hayo giza lilirudi. Mwaka 2006 Mtera ilikuwa imeshuka chini ya kiwango, mgawo ukarudi, na kwa haraka ile ile ya 1994 ukatiwa saini mkataba wa mitambo ya dharura na kampuni ya Richmond. Mitambo haikufika kwa wakati, na mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Februari 2008, baada ya ripoti ya Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, huku akikana kutenda kosa. Mawaziri wawili wakamfuata. TANESCO iliuvunja mkataba, Dowans ikashtaki, na Novemba 2010 wasuluhishi wa kimataifa wakaipa ushindi wa fedha zilizotajwa kufikia shilingi bilioni 94.

Sitaki kurudia siasa za mambo hayo, zimeshaandikwa vya kutosha. Nataka tuone mpangilio wake tu. Mara zote mbili mkataba mbaya ulitanguliwa na mgawo. Mtu mwenye njaa hapimi vizuri, na muuzaji anajua. Hatari ya mvua, isipoandaliwa mapema, huzaa hatari ya mkataba. Na hatari ya mkataba huishia mahali pamoja, nayo ni bei.

Hapo ndipo tunafika kwenye hatari ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha mazungumzo ya leo. Kwa miaka mingi bei ya umeme ilipita mikononi mwa Serikali, na waziri yeyote mwenye akili timamu haoni raha kupandisha bei ya umeme. Upande mwingine, taasisi za Serikali zenyewe zilikuwa wadaiwa wakubwa. Mwaka 2002 uongozi wa TANESCO ulikabidhiwa kwa kampuni ya Afrika Kusini, NET Group Solutions, wafanyakazi wakipinga vikali na polisi wakiwepo langoni. Wageni hao walikaa hadi mwisho wa mwaka 2006. Watu wanaweza kuwasema mengi, lakini jambo moja lilishangaza mji: walikata umeme hata kwenye taasisi za Serikali zilizokuwa hazilipi, na makusanyo yakapanda. Hata hivyo walipoondoka nchi ilikuwa imo katika mgawo. Ukusanyaji mzuri wa fedha haujazi bwawa.

Wakati huo huo ikaanza kazi mamlaka mpya, EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza shughuli zake mwaka 2006. Shabaha yake ilikuwa kuiondoa bei ya umeme na maji kwenye meza ya wanasiasa na kuiweka kwenye meza ya mahesabu. Utaratibu wake ni huu. Shirika linaomba bei mpya na kuonyesha gharama zake. Tangazo linatolewa magazetini. Inaitishwa taftishi, yaani mkutano wa hadhara ambamo mtu yeyote anaweza kusimama na kuuliza: fedha hii ni ya nini? Liko baraza la watumiaji la kuwasemea wanunuzi. Kisha bodi ya mamlaka inaamua. Asiyeridhika, liwe shirika au awe mtumiaji, anaweza kukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani.

Je, mamlaka hii ilikuwa rafiki wa shirika? Tazameni wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2011 TANESCO iliomba nyongeza ya asilimia 155. Ilipewa 40.29, kuanzia Januari 2012. Mwaka 2013 iliomba 67.87. Ilipewa 39.19, kuanzia Januari 2014. Aprili 2016 mamlaka iliagiza bei ishuke kidogo, na ile tozo ya huduma ya kila mwezi iliyokuwa ikituudhi watu wa majumbani ikafutwa. Mwishoni mwa mwaka huo huo shirika likaomba 18.19. Tarehe 30 Desemba 2016 mamlaka ikatangaza: mtapewa asilimia 8.53, kuanzia Januari mosi.

Siku iliyofuata, mkesha wa mwaka mpya, Waziri wa Nishati aliisimamisha bei hiyo. Na siku ya mwaka mpya yenyewe Rais Magufuli alitengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO.

Ndugu wasikilizaji, leo sitajifanya kuwa nilikuwa na busara siku ile. Nilifurahi. Nilikuwa nyumbani na wageni, redio inasema, na sebule nzima ikapiga makofi. Nami nilipiga. Nilisema, sasa amepatikana mtu wa kututetea. Sikujiuliza tulikuwa tunatetewa dhidi ya nani.

Nimejiuliza baadaye. Mkurugenzi yule hakupandisha bei. Aliomba, kama sheria inavyomwelekeza, na mamlaka iliyoundwa na Bunge ikampa chini ya nusu ya alichoomba. Kama hesabu ilikuwa na makosa, njia ya kuisahihisha ilikuwepo, na Serikali ina mawakili. Huenda hoja ya kwamba bei kubwa ingeumiza viwanda ilikuwa nzito kabisa. Ilistahili kusimama kwenye taftishi na kupimwa mbele ya watu. Badala yake, kila mtendaji atakayekalia kiti kile baadaye alifundishwa somo moja: usiombe.

Basi bei ikabaki. Ile ya 2016 iliendelea kutuhudumia miaka mingi baadaye, ilhali nyaya, transfoma, mishahara na dola havikubaki na bei ya 2016. Je, tofauti ilikwenda wapi? Maana gharama haifi kwa kuamriwa ife. Miezi miwili tu baada ya kusimamisha bei, Machi 2017, Rais huyo huyo aliagiza wadaiwa sugu wote wa TANESCO wakatiwe umeme, hata kama ni Ikulu. Aliona, kama alivyoona NET Group, kwamba shirika lisilolipwa haliwezi kusimama.

Sehemu nyingine ya gharama tuliilipa kwa kodi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, ambalo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2018, lilijengwa kwa fedha za Serikali, kiasi cha shilingi trilioni 6.5. Mtambo wake wa kwanza uliingia kazini Februari 2024, na mwaka 2025 yote tisa ikakamilika, megawati 2,115 kwa ujumla. Mimi si miongoni mwa wanaolibeza bwawa hilo. Miezi michache kabla yake tulikuwa katika mgawo, na Machi 2024 shirika likatangaza kuzima vituo vitano vya maji kwa kuwa umeme umezidi mahitaji. Waliokuwepo mwaka 1994 wanajua uzito wa habari hiyo. Lakini tusiseme kwamba umeme huo ni wa bei nafuu kwa sababu tu bei yake haionekani kwenye Luku. Umelipiwa na muuza mchicha wa Manzese aliyenunua sabuni yenye kodi ndani yake. Umelipiwa pia na bibi wa kijijini ambaye bado anawasha koroboi.

Sehemu nyingine ya gharama ni ya mafungu yasiyotosha, nayo huonekana kwa macho: nguzo iliyooza ikisubiri mwenzake, transfoma moja iliyobeba nyumba za transfoma tatu. Na hapo, fundi wangu wa Temeke, unaingia wewe. Uniti uliyoipata kwa bei ya zamani haikusaidii siku ambayo haipo. Siku hiyo unawasha jenereta, na unajua kuliko mimi petroli inavyokula faida ya geti moja la chuma. Bei uliyokwepa kwenye mita unailipa kituo cha mafuta, na huko hakuna taftishi.

Hili basi ndilo jibu langu. Shirika la umeme halina mshindani mitaani, lakini linabeba mvua isiyoinunua, dola isiyoichapa, mikataba ambayo mara nyingine imeamuliwa juu yake, na bei isiyoipanga. Ukiwa na genge la namna hiyo, ndugu yangu, hutajenga ghorofa.

Lakini jibu hilo halitoshi, maana linaweza kulisafisha shirika zaidi ya linavyostahili. Mvua haikusaini mkataba wa 1995 wala wa 2006. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaosema bei ipandishwe tu na shirika liachwe. Mamlaka ile ilipokata asilimia 155 ikabakiza 40, ilikuwa inafanya kazi ambayo mimi na wewe hatuwezi kuifanya: kumuuliza mwenye gharama kama gharama yake ni ya haki. Chombo hicho ni chetu. Kikisukumwa pembeni kwa tamko la siku moja, hata tamko linalotupendeza, tunabaki bila mahali pa kuuliza siku litakapokuja tamko lisilotupendeza.

Nimehudhuria taftishi moja ya umeme maishani mwangu. Ukumbi ulikuwa mkubwa na viti vilikuwa vingi. Wenye viwanda walikuwepo na wanasheria wao, watu wa shirika walikuwepo na mafaili yao. Sisi wa Luku ya elfu tano tulikuwa wachache sana, tungeweza kuingia kwenye daladala moja na nafasi ikabaki. Gazeti lilikuwa limetangaza, na nadhani wengi walifungia maandazi tangazo hilo.

Fundi, barua yako nimeihifadhi. Siku litakapotoka tena tangazo la namna hiyo, nitakupigia simu. Njoo na swali lako lile lile, usilipunguze hata neno, ukaliulize pale mbele. Mimi nitakuwekea kiti.